Kuzima si Kuua: Historia ya Uzimaji wa Kromosomu X katika Wagugunaji Chotara na Funzo Lake kwa Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya ugunduzi wa uzimaji wa kromosomu X kwa mamalia wa kike kuanzia mwaka 1949, kwa kuweka mkazo katika ushahidi uliotokana na wagugunaji chotara. Hoja kuu ni kwamba chotara ndiye aliyewawezesha wanasayansi kuitofautisha X ya mama na X ya baba ndani ya seli moja. Kwa njia hiyo ilibainika kuwa uzimaji si kifo, hauigusi kila jeni, na nasibu yake si ya nusu kwa nusu kila mara. Kutokana na historia hiyo, makala yanapendekeza istilahi ya Kiswahili ijengwe juu ya kitenzi *zima*, na yanaonyesha uzito wa uchaguzi huo katika elimu ya afya, hususan kuhusu upungufu wa kimeng'enya cha G6PD.

1.0 Utangulizi

Herufi X iliingia katika elimu ya urithi ikiwa alama ya kutojua. Mwaka 1891, Hermann Henking alipokuwa akichunguza jinsi mbegu za kiume za mdudu wa jenasi ya *Pyrrhocoris* zinavyoundwa, aliona kipande kimoja ndani ya kiini ambacho hakikuwa na mwenzake. Kwa kuwa hakujua ni kitu gani, alikiita X. Baadaye ilithibitika kuwa ni kromosomu na kwamba inahusika na jinsi ya kiumbe, lakini jina halikubadilika. Kisa hiki kinakumbusha jambo ambalo wanaistilahi hulifahamu vyema: jina la kitaalamu huzaliwa na kiwango cha ujuzi wa siku lilipotolewa, kisha huendelea kuishi hata baada ya ujuzi huo kupitwa na wakati.

Suala linalojadiliwa hapa linatokana na hesabu nyepesi. Mamalia wa kike ana kromosomu X mbili katika kila seli. Wa kiume ana X moja na Y ndogo. X hubeba mamia ya jeni ambazo nyingi hazihusiani na jinsi: zipo zinazohusu damu, misuli, macho na ubongo. Iwapo kila jeni ingefanya kazi kikamilifu, jike angetengeneza protini hizo maradufu ya dume. Hali haiko hivyo. Mapema katika ukuaji wa kiinitete, kila seli ya jike huiacha X moja ikifanya kazi na kuizima nyingine.

Ugunduzi huu kwa kawaida husimuliwa kama kazi ya mtu mmoja katika mwaka mmoja. Masimulizi hayo yana ukweli, lakini huruka sehemu yenye funzo kubwa zaidi kwa watunga istilahi, nayo ni ile ya wanyama waliozaliwa na wazazi wa spishi au nususpishi tofauti. Makala haya yanaanza na ugunduzi wenyewe, yanaeleza kwa nini chotara alihitajika na alichokifichua, kisha yanageukia lugha.

2.0 Kutoka kwenye doa hadi kwenye nadharia: 1949–1961

Mwaka 1949, Murray Barr na Ewart Bertram, katika Chuo Kikuu cha Western Ontario, Kanada, walitoa taarifa fupi kuhusu seli za neva za paka. Katika viini vya seli za majike waliona doa dogo lililokolea rangi, ambalo kwa madume halikuonekana vivyo hivyo. Doa hilo likapewa jina la Barr, ingawa asili yake haikujulikana.

Miaka kumi baadaye, Susumu Ohno na wenzake nchini Marekani walichunguza seli za ini la panya wa spishi ya *Rattus norvegicus*. Walionyesha kuwa doa lile ni kromosomu X moja iliyojikunja na kushikamana, ilhali X ya pili imenyooka kama kromosomu nyingine. Mwaka huohuo, 1959, William Welshons na Liane Russell walithibitisha kuwa panya mdogo mwenye X moja tu, bila Y, ni jike na anaweza kuzaa. Ushahidi huo wa aina mbili ulidokeza kwamba jike wa panya anaweza kuishi kwa kutegemea X moja.

Mary Lyon, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa mionzi cha Harwell, Uingereza, aliyaunganisha mambo hayo na jambo la tatu: rangi ya manyoya. Panya majike waliorithi jeni mbili tofauti za rangi zilizoko kwenye X hawakuwa na rangi ya katikati; walikuwa na mabaka, rangi moja hapa na nyingine pale. Katika makala fupi iliyochapishwa na jarida la *Nature* mwaka 1961, Lyon alitoa maelezo yenye sehemu tatu. Kwanza, X moja huzimwa mapema katika kiinitete. Pili, X inayozimwa inaweza kuwa ya mama au ya baba, kwa nasibu, katika kila seli. Tatu, uamuzi huo hurithiwa na seli zote zinazotokana na seli ile. Kwa hiyo kila baka ni ukoo wa seli zenye babu mmoja.

Ushahidi kutoka kwa binadamu haukukawia. Mwaka 1962 Ernest Beutler na wenzake walieleza kwamba wanawake wenye jeni moja ya upungufu wa G6PD wana chembe nyekundu za damu za aina mbili. Mwaka 1963 Ronald Davidson, Harold Nitowsky na Barton Childs walikuza seli za ngozi za wanawake, kila ukoo ukianzia kwenye seli moja, wakakuta kila ukoo unatengeneza aina moja tu ya kimeng'enya hicho.

3.0 Kwa nini chotara?

Nadharia ya Lyon ilihitaji jibu la swali moja gumu: ni X ipi iliyozimwa? Ili kulijibu, lazima X mbili zitofautiane kwa kitu kinachoonekana. Koo za panya wa maabara zilikuwa zimezalishwa ndugu kwa ndugu kwa vizazi vingi hadi nakala mbili za X zikawa karibu sawa kabisa. Mtafiti aliyemtazama jike wa ukoo mmoja alikuwa kama mtu anayesikiliza mapacha wakiimba na kuulizwa ni yupi aliyenyamaza.

Ufumbuzi wa awali ulitoka kwa mnyama ambaye watu wamemjua kwa maelfu ya miaka: nyumbu, mtoto wa punda dume na farasi jike. Mwaka 1964 B. B. Mukherjee na R. G. Sinha walitumia ukweli kwamba X ya farasi na X ya punda zina maumbo tofauti chini ya hadubini. Katika seli za nyumbu jike waliona kwamba X inayojinakili kwa kuchelewa, dalili ya X iliyozimwa, ni ya farasi katika baadhi ya seli na ya punda katika nyingine. Mfano huu una tahadhari kwa mfasiri: katika Kiswahili jina *nyumbu* humtaja pia mnyama wa porini wa Serengeti na Maasai Mara, ambaye si chotara. Tafsiri isiyotaja punda na farasi itampotosha msomaji.

Mnyama mwenye umbo la farasi, hata hivyo, hafai kwa utafiti unaohitaji mamia ya viinitete. Wagugunaji wanafaa: ni wadogo, huzaa haraka, na wana spishi nyingi zilizo jirani kiukoo. Mwaka 1978, François Bonhomme na wenzake, huko Montpellier, Ufaransa, walitangaza kuwa wamemzalisha panya wa maabara na *Mus spretus*, spishi inayoishi kusini-magharibi mwa Ulaya na kaskazini-magharibi mwa Afrika. Watoto wa kiume walikuwa tasa, lakini wa kike waliweza kuzaa. Jike huyo alikuwa hazina, kwa kuwa jeni zake zilitofautiana katika mamilioni ya mahali kulingana na mzazi zilikotoka. Kila alama iliyosomwa iliweza kusema: hii ni ya mama, hii ni ya baba.

4.0 Nasibu isiyo ya nusu kwa nusu

Mara tu X mbili zilipoweza kutofautishwa, neno *nasibu* lilianza kuhitaji ufafanuzi. Katika miaka ya 1960 Bruce Cattanach, akitumia panya wa maabara, alikuwa ameshagundua kwamba kuna eneo kwenye X yenyewe linaloathiri uwezekano wa X hiyo kubaki ikifanya kazi. Eneo hilo liliitwa *Xce*. Panya chotara waliliweka wazi zaidi. Ukoo wa maabara unapozalishwa na panya wa nususpishi ya *castaneus* kutoka Asia, X ya *castaneus* hubaki hai katika sehemu kubwa ya seli, mara nyingi karibu robo tatu.

Ushahidi mwingine ulitoka Novosibirsk. Mwaka 1987 Suren Zakian na wenzake walichapisha matokeo kuhusu panya wa mashambani wa jenasi ya *Microtus*, waliozalishwa kwa kuchanganya spishi za kundi la *Microtus arvalis*. Katika baadhi ya spishi hizo X ina bonge kubwa la kromatini iliyoshikamana, katika *M. arvalis* bonge hilo halipo. Kwa majike chotara waliokuwa na X moja ya kila aina, X ya *M. arvalis* ndiyo iliyobaki ikifanya kazi katika seli nyingi zaidi. Hivyo muundo wa kromosomu wenyewe ulionekana kuhusiana na hatima yake.

Zaidi ya hayo, kuna tishu ambazo nasibu haina nafasi kabisa. Mwaka 1975 Nobuo Takagi na Motomichi Sasaki, nchini Japani, walionyesha kuwa katika utando unaokizunguka kiinitete cha panya, X ya baba ndiyo huzimwa. Utafiti wa baadaye ulifafanua mfuatano wenyewe: kwa panya, X ya baba huzimwa kwanza katika seli zote za kiinitete kichanga, kisha, katika seli chache zitakazojenga mwili, huwashwa tena, ndipo bahati inapopigwa upya katika kila seli.

Matokeo haya hayakuiangusha nadharia ya 1961. Yaliifafanua. Bahati nasibu ambayo mtu mmoja ana tiketi tatu na mwenzake ana moja bado ni bahati nasibu. Kinachobadilika ni matarajio. Istilahi ya Kiswahili inayosema *sawa kwa sawa* au *nusu kwa nusu* pale inapokusudia *kwa nasibu* inaingiza dai ambalo ushahidi hauliungi mkono.

5.0 Nani anazima, na nini huponyoka?

Kwa miaka thelathini baada ya makala ya Lyon, kitenzi cha maelezo kilikosa mtenda. X ilizimwa, lakini haikujulikana inazimwa na nini. Mwaka 1991 Carolyn Brown, Huntington Willard na wenzao walieleza jeni ya binadamu iliyo tofauti na zote: hufanya kazi kwenye X iliyozimwa tu. Mwaka huohuo jeni mwenza ya panya ilielezwa na makundi mengine mawili. Jeni hiyo, *Xist*, haitengenezi protini. Hutoa uzi wa RNA unaoifunika kromosomu ileile iliyoutoa. Mwaka 1996 Graeme Penny na wenzake walionyesha kuwa X iliyoondolewa *Xist* haiwezi kuzimwa. Mwaka 1999 Jeannie Lee na wenzake wakaeleza jeni pinzani, *Tsix*, inayosomwa kwa upande wa pili wa uzi na kuizuia *Xist*. Kwa maneno mengine, X hujizima.

Hata hivyo haijizimi yote. Mwaka 2010 Fan Yang, Christine Disteche na wenzao walisoma RNA ya seli za chotara wa panya wa maabara na *Mus spretus*, ambamo X ya mzazi mmoja ilikuwa imezimwa katika seli zote. Kwa kuhesabu herufi zilizotofautiana, walikuta kwamba kati ya jeni 393 zilizochunguzwa, 13, sawa na asilimia 3.3, ziliendelea kufanya kazi kwenye X iliyozimwa. Kwa binadamu idadi hiyo ni kubwa zaidi: mwaka 2005 Laura Carrel na Willard walikadiria kuwa takriban asilimia 15 ya jeni za X huponyoka. Miaka michache baadaye, seli za chotara zilionyesha pia umbo la X iliyozimwa: imekunjwa katika mafungu mawili makubwa yanayotenganishwa na eneo moja linaloitwa *Dxz4*.

6.0 Dume tasa na uzimaji uliokwama

Historia hii ina upande wa pili, wa dume. Mwaka 1922 J. B. S. Haldane alibainisha kanuni kwamba spishi mbili zinapochanganywa, jinsi yenye kromosomu za jinsi zisizofanana ndiyo hudhurika kwanza. Kwa mamalia, jinsi hiyo ni ya kiume.

Dume naye huzima X yake, ingawa kwa muda tu na bila kutegemea *Xist*: X na Y hunyamazishwa pamoja wakati seli za korodani zinapogawanyika ili kutengeneza mbegu. Nususpishi mbili za panya wa nyumbani, *musculus* na *domesticus*, hukutana katika ukanda unaokatiza Ulaya kutoka Skandinavia hadi Bahari Nyeusi. Katika baadhi ya michanganyiko yao dume huzaliwa tasa. Jeffrey Good, Michael Nachman na wenzao walionyesha mwaka 2010 kwamba katika korodani za madume hao jeni za X hufanya kazi kupita kiasi, ishara kuwa X haikunyamazishwa ipasavyo. Mwaka 2009 kundi la Jiří Forejt mjini Prague lilikuwa limeshaitambua *Prdm9* kuwa jeni inayochangia utasa huo. Kwa hiyo uzimaji si hitilafu ya kusikitikiwa. Unapokosekana mahali unapotakiwa, ukoo hukoma.

7.0 Kutoka historia hadi istilahi

Mwalimu wa Kampala anayeanzia kwenye Kiingereza na mwenzake wa Bujumbura anayeanzia kwenye Kifaransa wanapolieleza jambo hili kwa Kiswahili, kila mmoja anaweza kuchagua njia yake. Vitenzi vinne viko karibu: *kufa*, *kulala*, *kunyamaza* na *kuzima*. Historia iliyoelezwa hapo juu inatoa kipimo cha kuvichagua.

*Kufa* kunakataliwa na ushahidi wote. X iliyozimwa hunakiliwa kila seli inapogawanyika, hutoa *Xist*, huwa na jeni zinazoponyoka, na huwashwa tena katika seli zinazoelekea kuwa mayai. *Kulala* ni bora, lakini aliyelala hutarajiwa kuamka mwenyewe, ilhali seli ya mwili huhifadhi uamuzi wake maisha yote. *Kunyamaza* kunafaa kwa jeni mojamoja na kunaweza kubaki katika ngazi hiyo.

*Kuzima* kunabeba kinachohitajika. Taa iliyozimwa ipo, na inaweza kuwashwa. Unyambulishaji wa Kiswahili nao unatoa kile ambacho lugha nyingine huhitaji sentensi nzima kukieleza: *kuzimwa* hudai mtenda, *kuzimika* humficha, *kujizima* humtaja kuwa ni X yenyewe. Mfuatano huo ndio historia ya taaluma kutoka 1961 hadi 1996. Tahadhari moja inahitajika. Mzizi huu una jirani wa sauti, *-zima*, wenye maana ya ukamilifu na afya. *X nzima* ni X kamili, na *uzima* ni uhai. Vyote viwili ni kinyume cha kinachokusudiwa. Ndiyo maana inafaa kutumia *uzimaji* kwa mchakato na *X iliyozimwa* kwa kromosomu, bila mkato.

Kuhusu mnyama mwenyewe, *chotara* limeshazoeleka kwa mbegu na mifugo, na *mahuluti* hutumika sambamba nalo. Kwa kuwa *chotara* likitajwa kwa binadamu linaweza kuwa na kejeli, kamusi za taaluma zingefanya vyema kueleza mipaka ya matumizi yake badala ya kulifuta.

Uchaguzi huu una uzito nje ya darasa. G6PD, kimeng'enya kilichothibitisha nadharia ya Lyon kwa binadamu, kina historia katika ukanda huu: mwaka 1960 Anthony Allison alichapisha matokeo kuhusu upungufu wake katika chembe nyekundu za damu za watu wa Afrika Mashariki. Upungufu huo umeenea zaidi katika maeneo yenye malaria, na baadhi ya dawa, ikiwemo primakwini, huweza kuvunja chembe nyekundu za mwenye upungufu. Mwanamume ana X moja, hivyo jibu lake ni rahisi: ana upungufu au hana. Mwanamke aliyerithi jeni mbili zisizofanana ana mchanganyiko wa chembe zenye kimeng'enya na zisizo nacho, na kiwango cha mchanganyiko hutegemea jinsi nasibu ilivyoangukia. Kipimo cha ndiyo au hapana kinaweza kumpitisha kuwa hana tatizo. Suala la kupima si dogo: tafenokwini ilipoidhinishwa Marekani mwaka 2018, sharti mojawapo lilikuwa mgonjwa apimwe upungufu wa G6PD kabla ya kupewa dawa hiyo.

Mwanamke akiambiwa kwamba X yake moja imekufa, atauliza ni ipi, na hakuna jibu la kweli la kumpa. Akiambiwa kwamba katika baadhi ya seli zake imezimwa X ya mama na katika nyingine ya baba, na kwamba uwiano hutofautiana kati ya mwanamke na mwanamke, ataelewa kwa nini kipimo chake kinahitaji namba.

8.0 Hitimisho

Wagugunaji chotara walifundisha mambo matatu ambayo panya wa ukoo mmoja asingeweza kuyafundisha: kwamba nasibu inaweza kuelemea upande mmoja, kwamba uzimaji una mipaka, na kwamba kukosekana kwake kuna gharama. Mafunzo hayo yalipatikana kwa sababu nakala mbili zilitofautiana kiasi cha kutambulikana.

Kutokana na hayo, makala yanapendekeza kwa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya kitaifa mambo matatu. Istilahi za jenetiki zikubaliwe kwa pamoja kabla vitabu vya kiada vya nchi moja moja havijazisambaza zikitofautiana. Kila istilahi iambatane na sentensi ya kueleza ushahidi inaoubeba, ili atakayeirekebisha kesho ajue anarekebisha nini. Na maelezo ya vipimo vya G6PD yanayoandikwa kwa Kiswahili yapitiwe na wanaistilahi pamoja na wataalamu wa damu wakiwa meza moja. Herufi X imekuwepo tangu 1891 bila kubadilishwa. Neno litakalochaguliwa sasa huenda likadumu muda kama huo.